Nani Alikuwa Akikaa Roshani?

Riyadh, Jumamosi. Vumbi limetanda tangu alfajiri, hata jengo la mbele silioni. Nimefunga madirisha yote, nimewasha kiyoyozi, na bado nahisi mchanga kwenye meno.

Jana nilirudi kutoka Jeddah. Mwili umefika, moyo bado uko njiani.

Niseme mapema kinachonikaba. Kakangu Swaleh anataka kuibomoa roshani ya nyumba yetu, Mji wa Kale, Mombasa. Mbao zimeoza. Fundi yuko tayari kuja Jumatatu kuiangusha yote na kutia dirisha la alumini. Tangu baba afariki, mambo ya nyumba tunayaamua pamoja sisi watoto watatu. Dada yetu mdogo keshakubali. Limebaki neno langu, nami neno hilo nimelikalia tangu Ramadhani.

Kwenye grupu la familia nilimwandikia Swaleh: mwacha asili ni mtumwa. Akanijibu kwamba asili hiyo itamwangukia mpita njia kichwani, kisha naye akanipiga na methali yake: asiyekuwepo na lake halipo.

Iliniuma, kwa sababu ni kweli sipo. Niko huku nafundisha Kiingereza chuo kikuu, na nyumba yetu naiona kwenye simu, wakati Swaleh akikumbuka kupiga picha.

Sasa Jeddah.

Kuna jambo moja chuoni kwetu ambalo nalihusudu. Kila muhula kitivo cha sanaa huwaita watu wenye kazi za mikono za asili waje wafundishe. Wamewahi kuja kina mama wafumaji kutoka jangwani, wakatandika nyuzi zao palepale ukumbini, na wanafunzi waliovaa saa za bei mbaya wakakaa chini kujifunza kusokota sufu. Nyimbo za wazee zinarekodiwa. Na si maonyesho ya kupiga picha tu. Wanafunzi wanapewa alama kwa kazi hiyo, na ukivivia unafeli. Muhula huu Dokta Hanan, mwenzangu wa kitivo hicho na mzaliwa wa Jeddah, alikuwa anawapeleka wasichana wake mji wa kale wa huko, wakasaidiane na fundi seremala kutengeneza madirisha ya mbao ya nyumba moja. Alitaka mwalimu mwingine wa kike wa kufuatana nao. Nilijitolea kabla hajamaliza kuuliza.

Kilichonivuta ni neno. Madirisha hayo, moja linaitwa roshan.

Roshani! Nilifurahi kama niliyesikia mtu ananiita kwa jina la utotoni. Nikafunga safari na chupa ya chai, kofia pana ya jua, na onyo kwa wasichana kwamba wachukue mitandio mizito, maana roshani ya mji wa bahari ina upepo.

Tukapanda ngazi hadi juu. Dokta Hanan akasema karibuni kwenye roshan. Nikatazama huku na huku nikitafuta mlango wa kutokea nje.

Hakuna mlango. Hakuna nje. Roshan yao ni kama sanduku kubwa la mbao lililobandikwa ukutani, limezibwa pande zote, lina vitundu vya kuchungulia. Nami nimesimama katikati ya chumba, kofia kichwani, chai mkononi.

"Mafi hawa, ustadha!" msichana mmoja akapiga kelele. Hakuna upepo, mwalimu. Walicheka wote. Dokta Hanan alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nikacheka nami, lakini nilihisi kama nimeporwa kitu.

Kumbe neno ni moja, kukaa ni kuwili. Wao walikaa mle waone wasionekane. Sisi tulikaa ili tuonekane. Baba na kahawa yake baada ya Alasiri, sisi watoto miguu tumeining'iniza kati ya vijiti vya ukingo, na kila apitaye chini lazima aulize, "Mko juu?" Baba anajibu, "Tuko, pandeni!" Wengine walipanda kweli. Mama nilimkumbuka pembeni, sinia mapajani, anachambua mchele. Nilikumbuka hata namna alivyoupepeta. Nilisimama mle ndani ya sanduku la watu nikitamani kulia.

Nilidhani wasichana wataanza na mbao. Walikuwa na patasi, randa, na fundi mzee aliyekwisha kunja mikono ya shati. Lakini Dokta Hanan ana sharti lake, na chuo kimelikubali: hakuna kugusa ubao kabla ya kumsikiliza aliyeutumia. Wakamletea kiti mwenye nyumba, bibi mmoja mchangamfu wanayemwita Khala Fauzia, yaani Mama Mdogo, na yule yule msichana aliyenicheka akamuuliza kwa adabu, "Nani alikuwa akikaa hapa, Khala, na alikuwa akifanya nini?"

Khala Fauzia alieleza kwa raha. Akaonyesha mitungi ya maji ilipokuwa ikiwekwa ipoe, na upande aliokuwa akilala wakati wa joto. Kisha akagusa kidirisha kimoja kidogo. Kwenye mpango wa chuo kilikuwa kitengenezwe kama kilivyo, kimefungwa.

"Hiki mume wangu alikipigilia misumari," akasema. "Kifungueni."

Wasichana wakatazamana. Dokta Hanan akamwashiria fundi, naye akachukua koleo. Misumari ilipotoka, bibi yule alipeleka uso kwenye uwazi akakaa hivyo, na hakuna aliyemharakisha.

Basi letu la kurudi uwanja wa ndege lilipita mtaa wa Kandara, huko huko Jeddah. Kwenye taa nyekundu nikasikia Kiswahili kutoka mlango wa duka, mtu anagombana na mwenzake kuhusu chenji, na hapo ndipo wazo lilipodondoka kichwani mwangu. Tumebishana tangu Ramadhani, mimi na methali zangu, Swaleh na alumini yake.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza Mama.

Leo asubuhi nimempigia. Nilitaka lile jibu tamu, nimrushie Swaleh, halas, mambo yaishe. Nikamuuliza, "Mama, wewe ulikuwa ukipenda kukaa upande gani wa roshani?"

Akacheka.

"Mimi? Mimi nimekaa roshani lini, mwanangu? Roshani mkikaa nyinyi na babenu. Mimi niko jikoni nawapikia."

Nikamwambia si kweli, namkumbuka vizuri, na sinia la mchele.

"Huyo ni shangazi yako. Mimi mchele nikiuchambua pale mlangoni pa jiko, angalau nipate mwangaza."

Nimembeba mama roshani miaka yote hii, nimejivunia naye mbele za watu, na mwenyewe hakuwepo. Alikuwa hatua chache nyuma yetu, kwenye moshi, akitusikia tunacheka.

Nikamuuliza sasa wataka nini, Mama.

"Ya roshani fanyeni mpendavyo. Mimi nataka dirisha la jikoni. Tangu naletwa nyumba hii bibi harusi nalitaka. Nilimwambia babako, akasema inshallah."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimelia, naandika hivyo bila aibu. Bado naipenda roshani ile na sitaki ife. Nimemwandikia Swaleh kwamba watu wazuiwe kupita chini yake, ipigwe miti ya kuishikilia, na habari yake tutaizungumza nikienda likizo. Fundi na aje Jumatatu kama alivyopanga, lakini kazi aanzie jikoni.

Swaleh amejibu sasa hivi: "Jikoni? Kwani jikoni kuna nini?"

Nimemwambia aende mwenyewe akamuulize Mama, na akae huko huko jikoni mpaka amalize kumsikiliza.