Nani Alimfundisha Kukata kwa Upana

Mpendwa mke wangu wa zamani,

Songea nzima hakuna anayenishinda kutambua mizizi ya dawa. Nafumba macho, nanusa, nakutajia jina. Haya, usicheke hukohuko Nakapanya. Mwenye macho ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa na jembe na mdomo.

Unakumbuka tangawizi, manjano na ile tangawizi ya porini, ndugu wa tumbo moja? Zikitoka udongoni na matope yake, mimi naziita zote jina moja. Siku ile bondeni, njia ya Peramiho, nikapasua moja kwa urefu. Ukaninyang'anya kisu. "Huo si muhogo, mume wangu. Kata kwa upana." Ukanionyesha mviringo uliojificha ndani: kwenye manjano umekolea kama pete, kwenye tangawizi umefifia na nyuzi zimetapakaa hadi katikati. Ile ya porini, nyeupe mpaka moyoni. Ukakata kipande chembamba, ukakiweka kwenye ulimi wangu kwa vidole vyako. Nikawashwa, na sidhani ilikuwa tangawizi peke yake.

Sasa juzi nimemkuta mumeo hapa sokoni Bombambili, katoka huko kwenu, ametandaza mizizi palepale alipokuwa anauza mitumba. Tangu biashara iwe ruksa kila mlango uko wazi, hata wako. Akaniamkia "shikamoo mzee", na mvi ananizidi. Mteja akataka manjano. Bwana akashika kisu, akakata kwa upana, akainua juani, akafumba jicho moja. La kushoto, kama wewe.

Nikamuuliza, "Nani kakufundisha?"

"Mama wa nyumbani. Ananikatia, ananionjesha mwenyewe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli naikokota kama mgonjwa. Kuolewa uolewe, talaka nilikupa mwenyewe kwa kiburi changu. Nyumba yake siionei wivu. Kitanda, nakionea kidogo. Lakini kisu kile kilikuwa chetu.

Basi, wakati ule manyigu waliponivimbisha uso nikikufukulia mizizi yako, ulisema, "Nitakufidia." Mpaka leo kimya. Nifidie hivi: mfundishe yote, mviringo, nyuzi, harufu. Ila kipande cha kuonja mpe mkononi. Atie mdomoni mwenyewe.

Aliyekuwa mumeo,
Songea