Kadi za Jeremie

Sorrel Landing, Louisiana
9 Oktoba

Mpendwa Dada Vernice,

Nakusalimu kwa mapenzi yale yale, ingawa najua siku hizi ukiona mwandiko wangu roho inakuchafuka. Goti lako linaendeleaje? Na joto la Houston, limepungua? Mimi mwili ni mzima. Mvua imegoma kukatika, na mchuzi wa gambo niliopika Jumapili nimeula peke yangu siku tatu.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Unasema mumeo, shemeji Alcide, hana kosa, wa kulaumiwa ni makarani wa daftari la wakosaji wa ngono, walioshindwa kuwaambia watu kwamba Jeremie wangu kahama Mtaa wa Cane. Nivumilie, dada, nikueleze.

Alipotoka gerezani, Jeremie alimtumia kila jirani kadi, kama sheria inavyomtaka: picha yake, anwani, na kosa alilomtendea msichana wa miaka kumi na minne. Kosa lenyewe silipambi. Yule mtoto mpaka leo anaogopa kwenda kanisani. Majirani wakamvunjia madirisha, wakamtilia mavi ya mbwa kwenye sanduku la barua. Mwezi wa nane akahama, na siku hiyo hiyo akaripoti polisi. Nyumba akapangishwa Terrell Babin, fundi rangi, mgeni asiyejua habari zetu.

Mchana ule nilikwenda kuchukua godoro la Jeremie. Babin alikuwa uani anapiga rangi kwa pampu, kofia ya jaketi kichwani, barakoa usoni. Alcide, aliyekuja huku kutoka kwenu Houston, na wenzake wawili walinitangulia, na mmoja ameshika ile kadi ya zamani. Kabla sijazima gari, Alcide alishamtandika kwa rungu la besiboli kisogoni. Alimpiga magotini, akampiga mbavuni, nikasikia mfupa ukivunjika. Alikuwa anafoka, "Umetuaibisha ukoo mzima, mshenzi wewe!" Babin alilia kwamba siye, wamuulize mwenye nyumba. Wakacheka, wakasema wote husema hivyo.

Nilipiga kelele. Alcide akamvua barakoa, akaona uso asioujua. Dada, hili hukuambiwa: alipoona si Jeremie, alimpiga na teke la kichwa, kwa hasira ya kukosea tu. Kisha wakakimbia. Nilikaa kwenye damu na rangi nyeupe, nimemkandamiza Babin kichwa kwa taulo. Alikufa siku ya nne.

Baada ya maziko mkewe alinijia na sahani ya wali na maharage mekundu, akanishukuru kwa kumshika mumewe. Akaniita mama. Nikala, Mungu anisamehe, nikala nikamaliza.

Makarani hawana kosa. Jeremie alihamia kwangu, na nilikuficheni hata ninyi, nikawaacha mdhani bado yuko Mtaa wa Cane. Aliandika kadi mpya sitini na mbili kwenye meza yangu ya jikoni, akabandika stempu, akanipa nizipeleke posta kwa kuwa yeye huingia kiwandani alfajiri. Nilizichoma kwenye jiko la uani tunalochomea mbavu, kisha nikamwambia nimezituma. Nilitaka mwanangu alale usiku mmoja bila jiwe dirishani. Kadi zile zingefika, watu wangejua kahama, na Babin angekuwa anapiga rangi leo.

Wiki iliyopita wamemkamata Jeremie kwa kutotuma kadi. Anakabiliwa na miaka kumi. Wakimuuliza ziko wapi, ananyamaza. Nilipokwenda kumwona akaniambia, "Mama, funga mdomo. Mimi jela nimeshaizoea, wewe utakufa humu." Nilimwitikia. Lakini kesho saa tatu asubuhi nakwenda polisi kusema nilizichoma mimi, na wakitaka kunifunga wanifunge.

Wasalimie wanao wote, uwabusu wajukuu. Ukiamua kutoniita ndugu tena, sitakulaumu. Mimi nitaendelea kukuita dada. Ila kwa Alcide usinifikishie salamu yoyote, maana alikwenda pale na rungu lile kumtafuta mwanangu.

Mdogo wako,
Odalie