Gusheshe la Baba Linauzwa

Botshabelo, 3 Machi 2014

Mwanangu Nthabeleng,

Hujambo? Upepo wa Cape Town unakuacha ulale? Sisi wazima, ila mama yako anakohoa kidogo. Naomba ulitangaze Gusheshe letu kwenye mtandao. Andika: BMW 325i ya mwaka 1989, nyekundu, mmiliki mmoja tangu likiwa jipya, halijawahi kugonga wala kugongwa. Madalali sitaki. Anayelitaka aje mwenyewe.

Baba yako

Cape Town, 12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama ameacha kukohoa? Nimetangaza, na simu hazikatiki. Lakini gari ambalo hukuniruhusu hata kula chipsi ndani yake, leo unaliuza kama mbuzi? Nimempigia Mama, akasema nikuulize mwenyewe. Kuna nini?

Mwanao

Botshabelo, 30 Aprili

Mwanangu,

Samahani nimekawia. Kifua cha mama yako kimepona. Wamekuja watu wanne. Mmoja aliuliza jambo moja tu, kama linaweza kuzungushwa papo hapo mpaka matairi yafuke moshi. Nikamwambia linaweza, kisha nikamfungulia geti aende zake.

Ukweli ni macho. Januari niligonga ukuta wa jirani. Sikuuona kabisa. Daktari anasema nuru iliyopotea hairudi. Nilikuficha, na tangazo lako lina uongo wangu. Lirekebishe: mlango wa kushoto umenyooshwa na kupakwa rangi upya.

Baba yako

Cape Town, 9 Mei

Baba,

Pole sana. Nilisoma barua yako wodini, mgonjwa ndiye aliyenibembeleza mimi muuguzi. Nimerekebisha, na simu zimepungua. Ukitaka libaki, nitajifunza kuliendesha.

Mwanao

Botshabelo, 16 Juni

Mwanangu,

Salamu za baridi. Usijifunze kwa kunihurumia, limeshauzwa. Mwalimu Keneuoe wa Thaba Nchu alisoma tangazo la pili. Akaniambia, "Mzee, mtu anayetaja mkwaruzo wake, hata injini yake naiamini."

Aliliendesha, nami nikakaa kushoto. Miaka ishirini na mitano sijawahi kukaa pale. Anabadili gia taratibu, bila kulikurupusha. Akaniuliza kama naiona theluji mlimani. Nikasema siioni. Basi akanisimulia njia nzima, mpaka tukarudi nyumbani.

Funguo nilizitoa kwa macho makavu. Aliyelia ni mama yako.

Desemba njoo. Tutakupokea kituo cha basi, tumekuja kwa miguu, mama yako kanishika mkono kama tulipokuwa wachumba.

Baba yako