Maji ya shimo la shaba yamekoma

Sabel, Tomino ananiita mkosi mbele ya mama yake! "Hata baraka unaibishia?"

Baraka! Lile shimo la kuchimbia shaba lililoachwa mlimani juu ya nyumba yetu limeacha kutoa maji ya kijani yenye sumu. Ghafla, na mvua hii yote!

Nikamwambia, "Hayajakauka. Paa la shimo limeporomoka ndani, maji yanajaa nyuma ya kifusi. Kikiachia, tumekwisha."

Akacheka. Mama mkwe naye, "Tunachinja nguruwe wa shukrani. Kaa ule nyama."

Kaa ule nyama!

Nimegonga kila mlango, nikambeba mama mkwe mgongoni huku akinipiga makofi. Watoto wametangulia. Tomino anatukana, lakini anafuata.

Tumeshavuka daraja, tunapanda kwako. Tandika mikeka.