Kutoka Michezo Hadi Vifo

Jumatatu, 3 Machi
Wamenitoa kwenye michezo! Miaka yote hii natangaza mechi mpaka koo linakauka, leo Bosi ananiita na kuniambia kwa uso mkavu: kuanzia kesho nitasoma matangazo ya vifo. Saa saba mchana, studio ndogo ya chini. Kipindi changu kapewa shemeji yake, Kasuku — hana lake, anarudia tu anachosikia. Na Bosi alikimbilia Kiingereza. Eti nimekuwa "relegated". Kiswahili chake kiliingia mitini. Akitaka chai mbona kinapatikana?
Jioni mdogo wangu kapiga simu. Eti, dada, timu imeshuka daraja? Nikakata.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua kamusi kubwa ya studio. "Relegate": kushusha daraja, timu au mtu. Hilo nalijua, nimelitangaza mara ngapi, tena kwa kicheko. Kumbe pia ni kumsukumia mwingine jambo aliamue. Na asili yake ni Kilatini, kumpeleka mtu mbali. Warumi walimwondoa mtu mjini wakamwachia uraia, mara nyingi na mali yake. Aishi tu, ila huko, asionekane.
Ndiyo mimi! Mshahara uleule, kitambulisho kilekile, hata kiti changu wamenishushia. Afadhali wangenifukuza, ningejua pa kupigia kelele.

Ijumaa, 7 Machi
Huku chini choo cha jirani kikivutwa, kinasikika hewani. Baba, ambaye hajawahi kusikiliza mechi yangu hata moja, kanipigia. Anasema yeye na wazee wenzake hawanikosi. Nasoma majina taratibu, kila marehemu anapata heshima yake. Nikamwambia mimi nataka kipindi changu. Soma tu, mama, akasema. Nimelia kwa hasira.
Na huko juu Kasuku kaita kona penalti.

Jumanne, 11 Machi
Naandika haya huku wimbo ukiwa hewani. Mama yake Bosi amefariki alfajiri. Bosi kashuka mwenyewe — hajawahi kukanyaga huku — macho mekundu, tangazo mkononi. Nikampa pole, na ilitoka moyoni. Halafu nikamuuliza kwa nini asisome Kasuku, saa ya michezo, wasikilizaji si ndio wengi?
"Hapana. Mama alikuwa anakusikiliza wewe. Tafadhali dada, anza na lake."
Dada! Tangu lini?
Akatoka, akasimama nje ya kioo. Nami nikalichukua tangazo la mama yake nikaliweka chini kabisa ya mengine. Nimesoma moja baada ya jingine, na kila nikishika karatasi anainua kichwa. Nilidhani nitafurahi. Sifurahi, na hasira haijaisha. Marehemu hana kosa. Mwanawe analo.
Wimbo unakaribia kuisha. Yamebaki mawili: la mwalimu mstaafu juu, la mama yake chini. Bosi kaweka kiganja kwenye kioo. Taa nyekundu itawaka sasa hivi, na mkono wangu bado haujachagua karatasi.