Don Fortino, Una Simu

Jumatatu, 6 Oktoba 2014

Leo kwenye kipaza sauti cha kibanda cha simu nimetangaza nyama ya nguruwe ya Chabela, na punda mweusi aliyekata kamba kule mlimani. Halafu simu ikalia. Yule wakili tena, kutoka mjini. Anajiita wakili – wakili gani anashinda akipigia vijiji simu na kudai bili za simu za mkononi! Anamtaka kompadre Fortino. Nikamwambia akate, apige tena baadaye kidogo, nikafungua kipaza sauti: Don Fortino, Don Fortino, njoo kibandani, una simu. San Lucas nzima imesikia, na mbwa wake.

Kompadre kaja mbio, kofia mkononi. Mtu anayedaiwa hakimbii hivyo. Mimi ningejificha shambani mpaka Krismasi.

Ubao wa kibanda ni mwembamba, na masikio yangu bado ni mazima. Nimesikia anauliza deni limefika ngapi sasa. Akajibiwa. Akasema aa, mwezi jana halikuwa hivyo. Akashukuru! Akatoka anatabasamu, akanunua mkate wa watoto wa jirani. Sijaelewa kitu.

Jumanne, 7 Oktoba

Wakili kapiga mara mbili. Mara zote nimemwita, maana hiyo ndiyo kazi niliyopewa na kijiji: simu ikija mtu anaitwa, awe nani, iwe imetoka wapi. Sijawahi kuficha hata moja, hata ile ya mwanamke wa Puebla aliyekuwa akimtafuta mume wangu, Mungu amrehemu.

Deni lenyewe si la kompadre, ni jina lake tu. Simu anayo Rutilio, mwanawe, ambaye mimi ndiye niliyemshika siku ya ubatizo, na tangu hapo tunaitana kompadre na komadre. Alipokuwa anaondoka kwenda Kaskazini, Marekani, mwezi wa Februari, dukani Huajuapan hawakutaka kumpa mkataba kijana asiye na shamba. Baba akasaini. Na kwa vile kwao mtandao haushiki, wakaandika namba ya kibanda changu. Mtoto alikuwa akipiga kila Jumapili. Mpaka Mei. Tangu hapo kimya.

Alhamisi, 9 Oktoba

Watu bwana. Leo kwenye foleni ya kusaga mahindi wanasema Rutilio ni mtoto wa maana sana, kila siku anampigia baba yake, bila shaka ndiye anayetuma pesa za sikukuu. Maana mwaka huu msimamizi wa sikukuu ya Mtakatifu Luka ni kompadre. Bendi, chakula, mnara wa fataki, vyote mfukoni mwake. Ameshauza fahali wake wawili kwa ajili ya huo mnara.

Don Heladio wa kamati ya sikukuu akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye ninayepokea: kijana hajambo huko? Nikamwambia kazi yangu ni kuita watu, si kusimulia walichoambiwa. Akacheka. Akadhani namtunzia habari njema.

Kompadre alikuwepo, kasikia yote. Hakusahihisha.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa nimekaa na komadre Otilia, mama yake Rutilio, tunachambua pilipili za mole, mchuzi wa sikukuu. Nikamuuliza waziwazi. Komadre, mume wako anadaiwa na anafurahi, ana nini?

Hakuinua macho. Akasema, "Deni linapanda, komadre. Simu haiwezi kupandisha deni yenyewe mfukoni. Kuna mtu anaitumia. Hatupigii sisi, sawa, labda ana aibu, labda hana kazi. Lakini anaongea na watu."

Nikabaki na pilipili mkononi. Kumbe ndiyo maana ya zile mbio. Wanaomdai ndio wanaomletea habari za mwanawe, na kila mara jumla ikiongezeka anarudi nyumbani kumwambia mkewe mtoto yu hai. Basi nikajifanya pilipili imeniingia jichoni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeuliza. Sikupaswa, lakini nimeuliza.

Wakili alipopiga sikufungua kipaza sauti mara moja. Nikamwambia mimi ni mama wa ubatizo wa mwenye simu, nataka kujua ilipiga wapi mara ya mwisho. Mwanzoni akaniletea ukali, akaniuliza kama ninalipa mimi. Nikamjibu kama silipi mimi, basi na yeye asinitumie bure kama tarishi wake. Nikamsikia akibonyeza kompyuta yake. Akasema laini ilikatwa Juni. Tangu Juni hakuna simu hata moja, haiwezekani kupiga. Nikamuuliza hiki kinachopanda ni nini. Akasema riba, mama. Riba na gharama za kufuatilia. Yaani simu zake hizi hizi anazotupigia!

Deni likilipwa lote, laini inafunguliwa ndani ya siku moja. Lisipolipwa mpaka mwisho wa mwezi, namba atapewa mtu mwingine. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini, kwamba hata yeye ana kaka huko Kaskazini. Sikumuuliza zaidi. Nikamwita kompadre. Kaja mbio.

Jumanne, 14 Oktoba

Sijamwambia. Nimetangaza tamale za mahindi, gesi, na mkutano wa maji. Sauti yangu leo mbaya.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia.

Nilimfuata shambani, maana kibandani kuna masikio kama yangu. Alikuwa anavunja mahindi. Nilijaribu kuzunguka maneno, nikaona najiumiza bure, nikasema moja kwa moja: kompadre, laini imekatwa tangu Juni, Rutilio hajapiga, kinachoongezeka ni riba, na deni lisipolipwa mwezi huu namba atapewa mtu mwingine.

Akaendelea kuvunja. Hindi moja, la pili. Halafu akakaa juu ya gunia.

"Kumbe miezi yote hii nimekuwa nafurahia riba."

Nilitamani anitukane. Nilitamani aniulize nani kanituma. Akaniomba tu nisimwambie Otilia mpaka sikukuu ipite, maana ana wageni wengi wa kulisha. Nikarudi kwa njia ya chini, ya mtoni, nisikutane na mtu. Nina hasira na wakili, na kampuni, na yule mtoto – hasa yule mtoto, kama ni mzima. Kama si mzima, Mungu anisamehe hasira yangu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kompadre kaondoka alfajiri na gari la Huajuapan. Watu wanasema kaenda kuleta mnara wa fataki. Heladio ameshachimba mashimo ya kuusimamishia, pale mbele ya kanisa.

Karudi jioni na karatasi moja mfukoni. Hakuna mnara. Kapita kibandani, akaweka risiti mezani kwangu, nikaisoma. Imepigwa muhuri: deni limelipwa lote. Pesa za fahali.

Nikamwambia kompadre, watakutafuna mzima mzima. Kila mtu anajua uliuza fahali kwa nini. Akasema anajua. Nikamuuliza tupige sasa? Akatazama simu kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Akasema kesho. Kule dukani wamemwambia laini itakuwa imefunguka kufikia kesho asubuhi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika hapa hapa kibandani, daftari juu ya goti, ili nisimkodolee macho.

Kaja saa ambayo anatakiwa awe kanisani kubeba sanamu ya mtakatifu. Shati jeupe, shada la maua shingoni, kama inavyompasa msimamizi. Kanitajia namba kwa kichwa. Nikapiga mimi, nikampa mkonga. Nilitarajia ile sauti ya mwanamke wa kampuni inayosema simu imezimwa.

Imeita.

Simu inayoita ni simu yenye chaji. Tumetazamana. Imeita mpaka ikakata yenyewe. Tukapiga tena. Tena.

Hapo Heladio kaingia, amefura. Padri anasubiri, mashimo hayana mnara, wageni wanacheka, iko wapi heshima ya San Lucas? Anataka nimwite msimamizi kwenye kipaza sauti, mara tatu, kwa jina kamili, kila mtu asikie. Hakuwa amemwona nyuma ya ubao. Nikamwambia simwiti. Akaniuliza tangu lini nimeacha kuita watu. Nikamjibu tangu leo.

Kompadre kasimama, kajionyesha mwenyewe, mkonga wa simu sikioni. Heladio kafungua mdomo amwage yake, kompadre kainua mkono.

Mtu amepokea.

Hasemi. Nami nasikia kutoka hapa kwamba hasemi, hakuna halo, hakuna kitu, kama vumi la barabara tu kwa mbali. Kompadre naye hasemi. Anaogopa kuuliza ni nani, naona kabisa, maana akiuliza atajibiwa. Inaweza kuwa Rutilio. Inaweza kuwa mtu aliyeokota simu kwenye jangwa la mpakani.

Halafu kasema, taratibu sana, "Hapa ni San Lucas. Leo ni sikukuu. Usikate, sikiliza bendi."

Akauelekeza mkonga mlangoni. Waya haufiki. Nimesukuma meza, nimevuta simu mpaka kizingitini, bado bendi iko mbali, upande wa pili wa uwanja, haisikiki vizuri. Nikamwambia Heladio akawaambie waje huku. Nilidhani atanibishia. Katazama shada la kompadre, katazama mkonga ulionyoshwa hewani, kavua kofia, kaondoka mbio.

Wanakuja. Ngoma kubwa imeshapita kisima, na nyuma yake watu wote, na mtakatifu juu ya mabega ya vijana, wanashangaa wanapelekwa wapi. Otilia yuko mbele, aproni bado kiunoni.

Wa huko hajakata.