Jina Langu Chini ya Picha ya Mama

Dada Martina, shikamoo. Shikamoo tena, ya pili ni ya kuomba radhi, sababu yake utaiona huko chini. Magoti ya mama vipi? Mahindi yamepona na ile mvua? Mimi huku Haydom ni mzima, nanenepa tu, ila dada nimenasa, mguu na mkono.

Hapa maktaba ninapofagia, mkutubi wetu Madam Rehema alitaka picha kubwa ya mtu anasoma, aibandike mlangoni watu wavutike. Nikamwambia, "Si uchukue tu gugo, huko mtandaoni zimejaa?" Akanikazia macho. "Mama Safari, picha ina mwenyewe. Unamwomba, akikubali unaandika jina lake chini. Hata ya gugo." Kumbe! Mimi nilidhani zile ni kama maji ya mto.

Basi kiherehere changu unakijua. Nikamwonyesha ile ya Krismasi, mama kwenye kigoda anasoma kitabu cha nyimbo, miwani imefungwa uzi, ndama kaingiza pua kwenye ukurasa. Madam akacheka mpaka akakaa. "Nani kapiga?" Nikasema mimi. Dada, simu si yangu? "Na bibi kakubali itumike?" "Kakubali!" Mama hata hajui. Nikasaini karatasi ya ruhusa.

Sasa picha iko mlangoni, kubwa kama godoro, chini jina langu. Na mimi nalala chumba cha nyuma, hata chooni siendi bila kupita pale. Waliokuja kuona wagonjwa hospitali ya hapa karibu wanasimama kuiangalia, wananiita "Mpiga picha!" Jumatatu mama mmoja kaleta mapacha niwapige. Si unajua mimi nakata vichwa? Wakatoka miguu minne na kidole changu. Akauliza, "Mama, ile ya mlangoni ulipiga kwa mkono gani?" Nikacheka sana. Ndani nimekauka.

Juzi Madam kaniambia picha inawekwa kwenye kalenda, nisaini tena. Mkono ukagoma. Nikakumbuka baba alivyompa jirani ng'ombe amfugie, anywe maziwa, ndama wawe wetu, na jirani akaanza kutangaza kwamba ng'ombe ni wake. Si wewe uliyekwenda kumwuliza mbele ya wazee, binti mdogo vile? Nikasema Mungu wangu, jirani yule leo ndio mimi. Maana ile Krismasi simu uliishika wewe. Mimi nilikuwa nyuma nasukuma ndama.

Nikamwambia Madam yote. Hakupiga kelele, na hapo ndipo iliponiuma. Kachukua kikaratasi cheupe, kafunika jina langu. "Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Bila maandishi ya dada yako na sahihi ya mama yenu, inashuka. Na wewe tutaongea." Hilo "tutaongea" dada, ugali haushuki. Kazi nyingine huku nitaitoa wapi, na Safari yuko shule?

Kwenye simu ungenikatia, tena anataka karatasi. Ndio maana barua nampa kondakta wa basi la Katesh. Muulize mama kwanza, akishakunywa chai. Akikataa, basi, ishuke. Usimlazimishe kwa ajili yangu. Wewe ukikubali, andika jina lako vile unavyotaka lisomwe. Ukikataa pia andika. Unitukane, sawa, ila usininyamazie.

Msalimie shemeji, mwambie apunguze kununa, sijamfanya chochote yeye. Mama mpe shikamoo yangu kabla hujamwambia habari, maana baadaye hataipokea. Na yule jirani wa ng'ombe, kama bado anatembea, msalimie kwa heshima. Siku hizi namwelewa.

Kila asubuhi nafuta vumbi kwenye picha, nikifika kwenye kikaratasi napita polepole kisibanduke. Ng'ombe ni wako dada. Mimi nimeshika kamba tu, nakungoja uje umchukue.

Mdogo wako anayekuheshimu, hata kama haionekani,
Mama Safari